Zamu ya Kitindamimba

Kila asubuhi, Baba alipofika kwa mtoto wake wa pili katika maombi, msusi alikuwa amekwisha simama mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni.

Katika nyumba ile Baba aliwaombea watoto kwa kufuata kuzaliwa kwao, akimtaja kila mmoja kwa jina. Kabla ya kiharusi aliwamaliza wote chai ikiwa bado ya moto. Sasa ulimi wake ulikuwa mzito, na kila jina alilitafuta kama mtu apapasaye kiberiti gizani. Msusi alikuwa kitindamimba. Zamu yake ilikuja mwisho, na mwisho siku hizi ulikuwa mbali. Simu iliita: mteja amekwisha fika saluni, mwingine anauliza rangi. Basi alinong'ona amina yake, akatoka kwa kunyata.

"Jana alikuombea sana wewe," Mama alimwambia siku moja, akipangusa meza. "Hata mimi nilishangaa."

"Alisema nini?"

"Ungekaa ungesikia, mwanangu. Mimi si redio nirudie matangazo."

Msusi alicheka, lakini maneno yale yalimfuata hadi saluni. Mchana kutwa, vidole vikiwa katika nywele za watu, alijaribu kumsikia Baba akimtaja. Iliyomjia ni ile sauti ya zamani, nyepesi, ya kabla ya ugonjwa. Hii ya sasa hakujua inalitamkaje jina lake.

Kesho yake aliizima simu, akaifungia kabatini, akapiga magoti kando ya kiti cha Baba. Simu ilinyamaza, kichwa ndicho kilichoanza kelele. Bibi harusi anakuja saa ngapi? Mafuta ya nywele yamebaki? Alijikemea, akarudi, akapotea tena. Baba alikuwa bado kwa kaka mkubwa.

Bwana, alisema moyoni, hata kukaa tu nashindwa. Nishike wewe.

Ndipo akaikumbuka kazi yake. Unywele ukichomoka kwenye msuko, msusi haukemei wala haufumui msuko mzima. Huuchukua taratibu, akaurudisha, akaendelea. Basi bibi harusi alipomjia tena, alimtaja mbele za Bwana, akarudi kuisikiliza sauti ya Baba. Akaja akilini yule mteja anayelalamika tangu anakaa hadi anainuka. Naye akamwombea, kwa shida kidogo.

Baba alimaliza kwa kaka, akaingia kwa dada. Chai ikapoa.

"Hodi," mtu aliita nje. "Msusi bado yupo?"

Mama alifumbua jicho moja, akamtazama. Msusi hakuinuka.

Kisha Baba akamaliza kwa dada, akavuta pumzi. "Na huyu," alisema. "Na huyu wangu..."

Jina halikuja. Midomo ilijaribu, ikaacha, ikajaribu tena. Mkono wake ulio mzima ukashuka kutoka kitini, ukapapasa hewani, ukakipata kichwa cha bintiye, ukatulia hapo. Msusi alikuwa nalo lile jina mdomoni, tayari kumsaidia. Akalimeza.

Nje, hodi ilipigwa mara nyingine, halafu nyayo zikaondoka. Baba alikuwa bado akitafuta. Msusi akaegemeza kichwa kwenye uzito wa mkono ule, akangoja, na wala hakutaka amina ifike upesi.