Kitabu Kilichokosekana Miguuni pa Saraswati

Nirupam Guha hakujua fizikia wala biolojia. Alichokijua ni kukata suruali. Lakini binti yake Titir lazima awe daktari, basi! Mwaka jana mtihani wa kuingia chuo cha udaktari ulimwangusha, na fizikia ndiyo iliyomponza. Safari hii akaenda naye mwenyewe Mtaa wa College, kwenye maduka ya vitabu, kuchagua vitabu.

Vya biolojia na kemia Titir alivipokea bila hata kuvifungua. Cha fizikia sasa! Alifungua hiki, akarudisha kile, mwisho akaonyesha kilichokuwa juu kabisa ya rundo.

"Hicho kinene mno, dada. Mtihani haufiki huko," alisema muuza vitabu.

"Nipe hichohicho."

Nirupam akafurahi moyoni. Kumbe mtoto kaamua kupambana na adui yake!

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu. Watoto waliweka vitabu miguuni pa sanamu yake vibarikiwe, na siku hiyo kusoma ni mwiko. Kila mtoto huweka somo linalomtesa, kisha akapumzika kwa raha zake. Nirupam akachungulia vya Titir. Biolojia ipo. Kemia ipo. Fizikia? Hakuna!

"Mtoto huyu ana wazimu," alimwambia mkewe. "Kaacha kile chenye shida!"

"Si ukamuulize? Na umwambie wali wa dengu unapoa."

Alimkuta juu ya paa na sari yake ya manjano, kitabu kinene kiko wazi mapajani. Anasoma! Siku kama hii!

"We Titir! Huogopi?"

"Nilishindwa kukiacha, Baba."

"Hayo unayosoma yatatoka kwenye mtihani?"

"Hayatatoka."

"Sasa unayasomea nini?"

"Nataka kujua nyota inazimikaje." Akasita. "Hata mwaka jana, swali moja la fizikia lilininogea. Nikalichimba mpaka muda ukaisha."

"Ulilipata?"

"Nililipata. Hilo tu."

Nirupam alikaa chini. Hakujua acheke au alie.

"Udaktari unautaka, mwanangu?"

"Wewe ndiye unautaka, Baba."

Iliuma. Iliuma kwelikweli, maana wateja wote alishawatambia kwamba suruali zao zinashonwa na baba wa daktari. Akamtazama binti yake, kidole bado kimeshika mstari aliofikia.

"Haya, soma. Mama yako niachie mimi," akasema, akashuka ngazi polepole, akitafuta la kumwambia mkewe, na la kuwaambia wateja.