Kikomo Kisicho na Mwenyewe

Wahida alizaliwa Palma, akasomea kompyuta Nampula, akarudi kwao miaka ile ambayo kila mwenye nguvu alitaka kuingia Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi. Kampuni ndogo ya mitambo ya usalama ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kuandika programu inayoandika programu nyingine. Alitunga vipande vya msimbo, akavifunga ndani ya alama za nukuu ili visitekelezwe papo hapo, kisha programu yake ikavipachika kwenye mfumo wa kila jengo lenye kipima gesi na king'ora.

Siku ya kujaribu jiko kuu, fundi alipuliza gesi kidogo chini ya kipima. Kimya. Akapuliza tena. Kimya. Alima, mama mdogo wa Wahida na mpishi wa jiko lile, alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hiki kitalia tukishaungua?"

Wahida alirudi ofisini, akatafuta hadi akaliona kosa. Kipande chake kilisema: gesi ikipita kikomo, piga king'ora. Lakini ndani ya kipande hamkuwa na mahali palipoeleza kikomo ni nini. Lilikuwa jina lisilo na mwenyewe, linalosubiri kupewa maana huko liendako. Kwenye majengo mengine lilipewa. Jikoni lilikuta kikomo kingine, cha joto la tangi la maji, likakishika hicho hicho: namba kubwa ambayo gesi isingeifikia hata jengo zima lijae. Ukaguzi wa aina za data ulikipitisha bila neno, maana namba ni namba.

"Badilisha jina hapo jikoni tumalize," akasema engenheiro Germano, mhandisi aliyekuwa mkuu wake. Wakaguzi walikuwa njiani.

"Na vipande vingine, chefe? Sijui vingapi vimeokota vikomo visivyo vyao."

"Programu inakubali au inakataa?"

"Inakubali. Ndiyo maana naogopa."

Akaketi, akaibadili programu yake. Sasa aina ya kila kipande ilibidi itaje majina yote ambayo kipande bado kinayasubiri: si "msimbo wa king'ora" tu, bali "msimbo wa king'ora unaosubiri kikomo cha gesi". Anayekipachika akipe kikomo hicho hasa. Kufanana jina hakutoshi. Na kipande ambacho bado kinasubiri kitu hakitoki mlangoni. Alipoiendesha, skrini ikajaa wekundu wa makosa. Majengo mengi yakakataliwa, hata yaliyodhaniwa mazima.

Germano akaja juu. "Toa ukaguzi huo!"

"Sitoi."

"Nje ya ua kuna watu wanaolilia kiti chako."

"Waite. Atakayekikalia aweke na jina lake kwenye mfumo huu. Langu halimo."

Akanyang'anywa kadi ya kuingilia. Kabla ya kutoka akapita jikoni.

"Mama mdogo, kile kipima ni pambo. Kinaipima gesi kwa kipimo cha maji moto. Hakitalia."

Alima hakuuliza mara mbili. Akafunga mitungi yote ya gesi. Luzia, mpishi mwenzake kutoka Mueda, akavua aproni akaikunja. "Mpaka kilie," akasema. Wengine wakafuata.

Mchana huo kambi nzima ilikula mkate mkavu na sardini za kopo. Germano akaja jikoni mwenyewe, akatisha, akabembeleza. Alima hakuinuka kwenye ndoo aliyoikalia.

"Engenheiro, sisi kazi yetu kuwasha moto. Wewe tuwashie king'ora."

Kesho yake Wahida akaitwa, kadi ikarudishwa bila samahani. Alipitia kipande baada ya kipande, kila jina akalipatia mwenyewe wake, mpaka wekundu ukaisha. Fundi alipopuliza gesi tena, king'ora kililia hadi Luzia akaziba masikio huku akicheka.

Mkataba wa Wahida ulipokwisha haukuongezwa. Germano alisema kampuni inataka watu wepesi wa kushirikiana.

"Sawa, chefe. Lakini ule ukaguzi usihangaike kuutoa. Umo ndani ya aina zenyewe. Ukiugusa, hakuna kitakachojengeka."

Akatoka kwa lango kuu, akapanda pikipiki ya kwenda Palma, akamwambia dereva aongeze mwendo.