Dakika Tisa Zilizobaki

Kwa maelezo ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, yule mpanda farasi alimchapa mnyama tangu alfajiri mpaka damu ikamtoka puani, akawa wa kwanza kuvuka mstari, kisha farasi akapiga magoti mbele ya waamuzi na kulia kama mtu. Fundi anaapa aliyaona kwa macho yake. Siku hiyo alikuwa dukani kwake akipunguza viuno vya sare za shule, lakini nani wa kumuuliza? Wateja wake wameshampachika mpanda farasi jina: Bingwa wa Dakika Kumi.

Dada wa huyo bingwa alikuwa amesimama papo hapo na gauni la kutiwa zipu. Alitoka bila kuaga.

Yeye alikuwepo. Ndiye mhudumu wa farasi: kummwagia maji, kumtuliza, kumhesabia mapigo. Kilomita mia na ishirini kaka yake alizikata kwa akili. Kwenye miteremko ya mawe alishuka akakimbia kwa miguu, farasi apumue. Fimbo hakuwa nayo. Wakafika wa kwanza. Ila mbio hizo za masafa marefu haziishii mstarini. Unapewa dakika ishirini moyo wa farasi ushuke hadi mapigo sitini na nne kwa dakika, na kwa daktari wa wanyama unampeleka mara moja tu. Yakizidi, umetolewa, hata kama wenzako umewaacha kule nyuma wanakula vumbi.

Kifaa cha kusikilizia mapigo kilikuwa kimeingia maji. Dada akatafuta mshipa chini ya taya, akabonyeza kwa dole gumba. Sitini. Akasema tayari, na kaka hakuuliza mara mbili. Daktari akasikiliza, akapata sabini na moja. Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Dole gumba lina mshipa wake. Mhudumu yeyote huambiwa hivyo siku ya kwanza. Alikuwa amehesabu moyo wake mwenyewe, ule moyo mtulivu ambao mama hachoki kuusifia.

Kaka aliwaambia waamuzi kwamba papara ilikuwa yake. Akampa daktari mkono, akamshukuru, akamwongoza farasi polepole hadi bandani.

Tangu hapo yale mapigo hayamwachi dada. Akishika kikombe, yapo. Akibeba ndoo, yanagonga kwenye mpini. Mezani, akimtazama kaka anavyokula ameinamisha kichwa, anajikuta anahesabu, na kila mara anapata sitini.

Kutoka kwa fundi alikwenda moja kwa moja bandani. Farasi alikuwa mzima, anatafuna nyasi; kaka kainama, anasafisha kwato. Dada akamweleza yote, kifaa, dole gumba, na porojo za fundi.

"Nilikuona," kaka alisema, bila kuinua macho. "Nikadhani nimeona vibaya. Wewe hujawahi kukosea."

"Na bado ukasema ni wewe?"

"Anayempeleka kwa daktari ni mpandaji, mdogo wangu. Ningeweza kungoja."

Hilo lilimchoma kuliko kama angetukanwa. Alisogea, akasimama mahali ambapo kaka asingeweza kutomwona.

"Wanakuita mchinjaji, kaka. Mtaa mzima. Niruhusu nikawaambie ilikuwa mimi. Leo hii, mbele ya fundi."

Kaka alitikisa kichwa kukataa, akaushusha mguu wa farasi, akauinua mwingine, akaendelea kuchokoa changarawe.