Mwalimu Lwaboshi na Mashini Isiyofunguka

Mwalimu Lwaboshi aliinunua laptop yake Lilongwe, kwenye duka lenye sakafu ya kung'aa, akarudi nayo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ameipakata kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Binti yake aliyeko Australia ndiye aliyetuma pesa. Ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kama daftari la shule, na kwa muda wa wiki nzima hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kuambiwa unene wake kwa milimita.

Jirani yake Drocella, mjane kutoka Rwanda ambaye kazi yake ni kutengeneza vyerehani, aliomba kuishika. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Mwalimu, skrubu ziko wapi?"

"Haina skrubu, Mama Shyaka. Hii ni ya kisasa."

"Sasa ikikufa, fundi anaingilia wapi?"

"Haitakufa."

"Ah." Drocella akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Basi ni malaika. Mi nilifikiri ni mashini."

Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na mengi ya haya niliyasikia mwenyewe, maana kuta zetu ni za udongo na Mwalimu ana sauti ya darasani. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi katika kijiji kimoja kando ya ziwa, kusini ya mji wa Baraka huko Kongo, mpaka vita vya mwaka 1998 vilipomtoa. Sasa alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, shemasi kanisani, na alikuwa anaandika kitabu. Kitabu hicho kilikuwa kijiji chake chote, nyumba kwa nyumba: nani alijenga wapi, nani alioa kwa nani, kaburi la nani liko chini ya mti gani. Vita vilikuwa vimekifukuza kile kijiji mara mbili, na watoto waliozaliwa Dzaleka walikijua kwa jina tu. Alianza kwa kalamu. Panya walipokula familia nne, akaamua kuhamia kwenye kompyuta.

Ile laptop nayo ilikuwa na tabia zake. Kila akiiunganisha na simu, ilimeza bando lote kujisasisha, bila kumuuliza. Ilidai neno la siri, ikalikataa, ikadai jingine. Kila asubuhi ilimshauri alipe kila mwezi ili maandishi yake yatunzwe mbali, mahali asipopajua. Mwalimu aliijibu kwa sauti, kwa adabu, akiishukuru kwa Kichewa kama mtu aliye mbele ya afisa. Tulikuwa tunamsikia: "Hapana, zikomo. Nimesema hapana. Hapana, hata kesho."

"Mwalimu," Drocella aliita kutoka kwenye cherehani, "njo we umeinunua, ao njo imekununua?"

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita viliteremka kutoka Bukavu kuelekea Uvira. Majuma machache baadaye wageni wakaanza kuingia kambini, wamechoka, miguu imevimba. Miongoni mwao alikuwa Bora, binti wa marehemu mdogo wake Mwalimu, na watoto wawili na mfuko mmoja. Mwalimu hakuwa amemwona tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Bora alikuwa amerudi kuishi kijijini wakati wa miaka ya utulivu. Alijua nani alirudi, nani alijenga upya, nani hakuonekana tena. Jioni alikaa kwenye kigoda akisema, na baba yake mkubwa akiandika. Kwa miezi miwili kitabu kilinenepa kuliko kilivyonenepa katika miaka miwili. Wakati mwingine Bora aliacha jina katikati, akainuka kwenda kuwafunika watoto. Mwalimu aliondoa vidole kwenye vibonye akangoja, na sisi kwenye nyumba zetu tukangoja pia.

Kisha asubuhi moja kifuniko cha laptop kikakataa kufunga.

"Baba mukubwa, imevimba," alisema Bora.

Kweli, tumbo lilikuwa limeinuka kama mandazi kwenye mafuta, na vibonye vya katikati vilikuwa vimepanda juu. Mwalimu alibonyeza cha kuwashia. Kioo kilibaki cheusi.

Aliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini akaenda Lilongwe. Drocella alifuatana naye, alisema anakwenda kutafuta sindano. Kule dukani kijana mwenye tai hakuigusa hata kidogo. Betri imegundishwa kwa gundi, alisema, haibadilishwi. Mashini kama hii ikifika hapo, mtu ananunua nyingine.

"Na maandishi yangu?"

"Ulikuwa unayatunza mtandaoni?"

Mwalimu alitoka nje akaketi kwenye ngazi za duka, laptop juu ya magoti. Drocella aliniambia baadaye kwamba siku ile alikuwa na maneno matatu matamu tayari ulimini, na yote matatu aliyameza.

"Simama," alisema. "Twende Mchesi."

Huko Mchesi, mtaa wa humo humo Lilongwe, kulikuwa na fundi, mwanamke wa Kimalawi jina lake Thokozani, ambaye Drocella alikuwa akinunua kwake mota kuukuu za vyerehani. Alijua Kiswahili cha kutosha, kwa sababu Wakongo na Warundi walijaa mtaani kwake kabla hawajaamriwa kurudi kambini. Alipoona lile tumbo la betri hakucheka. Aliwaambia wasogee, akapasha kingo moto kwa mashine ya kukaushia nywele, akapitisha kadi ya plastiki polepole kuzunguka pembe zote. Gundi ikaachia kwa sauti ya plasta inayobanduliwa. Betri aliitoa kwa vidole viwili na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga nje ya mlango.

Kisha akachomeka chaja na flashi ndogo. Kioo kikawaka, ila picha yake haikuwa ile Mwalimu aliyoizoea.

"Hii ni Linux, mfumo mwingine wa kompyuta," alisema Thokozani. "Inaamkia kwenye flashi. Haiombi ruhusa kwa ule mfumo wa ndani. Sasa tuone kama kuna kitu."

Kulikuwa na kitu. Kitabu kilikuwepo, chote. Mwalimu hakuamini mpaka kilipofunguliwa. Akaanza kusoma kwa sauti, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, jina kwa jina. Mteja aliyekuja na redio yake iliyovunjika akaiweka chini akasimama kusikiliza, ingawa alikuwa Mchewa na hakuelewa neno.

Walinakili kila kitu, mara mbili. Ile nyembamba haikufaa tena: ukichomoa chaja inazimika, na vibonye vyake vimepasuka. Thokozani akaipokea kwa ajili ya vipuri, na badala yake akateremsha kutoka rafu ya chini laptop nyeusi, nene, yenye mikwaruzo, iliyokuwa imetumika ofisini mahali fulani, nayo ina Linux ndani. Kabla ya kumkabidhi alimpa bisibisi.

"Fungua mwenyewe, agogo," alisema, akimwita babu kwa Kichewa.

"Mimi?"

"Ni yako."

Zilikuwa skrubu nane. Mwalimu alizitoa akitoka jasho, Drocella akizipokea kwenye kiganja na kuzipanga kama anavyopanga za cherehani. Betri ilitoka kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Kila kipande kilikuwa na mahali pake, na kila kimoja, alisema Thokozani, kinapatikana sokoni.

"Na hii Linux, kila mwezi banataka nini?" aliuliza Mwalimu.

"Hakuna kitu. Watu wanaitengeneza pamoja, na usichokipenda unaruhusiwa kukibadilisha."

Mwalimu alimtazama kwa mashaka ya shemasi anayesikia habari ya muujiza usio na sadaka. "Kitu cha bure kinanitafutia nini?"

"Yesu!" alisema Drocella. "Ile ya bei ilikutafuta kila asubuhi, hukuuliza."

Njiani kurudi laptop ile ilimlemea kwapani. "Na hii ni milimita ngapi, Mwalimu?" aliuliza Drocella. Mwalimu akaihamishia kwapa la pili.

Thokozani alikuwa amemwekea programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na hapo ndipo amani yetu ilipokwisha. Jioni ya kwanza tu tulisikia ukelele.

"Okoa? Nani ameandika hapa *okoa* faili? Kuokoa ni kazi ya Bwana! Faili inahifadhiwa!"

Alipiga simu Mchesi kulalamika. Thokozani akacheka, akamwambia walioandika ni watu wa kawaida wanaojitolea, kama yeye Mwalimu, na akamwelekeza ukurasa ambapo mtu yeyote anaweza kupendekeza neno bora. Mwalimu alipendekeza maneno kumi na mawili. Wiki tatu baadaye majibu yalifika kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyeko Morogoro: kumi na moja yamekubaliwa, asante sana, mzee wangu, moja halikukubaliwa kwa kuwa linatumika Kongo tu.

Furaha ya yale kumi na moja hatukuisikia sana. Lile moja ndilo lililotufanya tukeshe.

"Kongo tu!" alisema. "Kongo ni kadogo?"

"Mwandikie, Mwalimu," alisema Drocella. "Mupelekee na wimbo wa taifa."

Alimwandikia, tena kurasa mbili. Nasikia sasa wanaandikiana kila juma, na yule mtu wa Morogoro anamwomba methali za Kibembe, lugha ya kile kijiji.

Kitabu kilichapishwa Lilongwe mwishoni mwa mwaka, kimeshonwa kwa uzi na Drocella mwenyewe. Bora alikisambaza kwa watu wa kijiji walioko kambini. Jumapili baada ya ibada, bibi mmoja mzee sana, Annonciata, alikuja na nakala yake kifuani, akasimama mbele ya Mwalimu bila kumsalimu.

"Nyumba yetu ilikuwa na milango mibili. We umeandika mumoja."

"Mama, mi nakumbuka mumoja."

"Wa pili ulikuwa wa kwenda kwa mama yangu. Njo nilitokea pale siku ya vita."

Mwalimu alifungua mdomo kubisha, kwa mazoea. Kisha akamvutia bibi kiti, akawasha laptop palepale juu ya benchi la kanisa, akatafuta ukurasa.

"Mlango wa pili," alisema taratibu, akiandika. "Ulitazama wapi, mama? Ziwani, ao mulimani?"