Kura Iliyobaki Mdomoni

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuamsha watoto. Nje bado giza. Seneta Arlene Tveit alikuwa amekaa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akisikiliza maji yakichemka, asiwe na haraka ya kuinuka. Nyumba hiyo ya kupanga, nyuma ya jengo la Bunge mjini Washington, amelala humo miaka mingi bila kuizoea. Kwao ni Dakota ya Kaskazini, mbali, ambako upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Simu ikalia. Alikuwa Wendell Cantrell, seneta wa Arkansas.

Wendell ni wa chama cha rais, Arlene ni wa upinzani, na kwa miaka yote hiyo hawajakubaliana hata juu ya hali ya hewa. Lakini mume wake Arlene alipofariki, katikati ya baridi kali, Wendell alipanda ndege akaenda hadi Dakota na koti jepesi la watu wa kusini, akasimama nyuma kanisani akitetemeka, kisha akaondoka bila kutaka shukrani. Na kila wiki huacha peremende moja juu ya dawati lake Arlene ndani ya Seneti. Hasemi kwa nini, naye haulizi.

"Bi Arlene, nisamehe, nimekuamsha."

"Niko macho. Uzee haulali, Wendell. Kuna nini?"

Akamweleza kwa sauti iliyochoka. Mkewe, Maylene, hali yake imegeuka usiku, na daktari amesema watu wake waje. Yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Lakini leo ni siku ya kura, naye hajawahi kukosa kura kubwa namna hii. Akasema, "Nilitaka kukuomba unishikie."

Kushikiana kura ni desturi ya zamani ya Seneti, haimo kwenye sheria yoyote. Mmoja akipata dharura, humwomba mwenzake wa upande wa pili asipige kura yake. Wa hapana hayupo, wa ndiyo ananyamaza, na mizani inabaki pale ambapo ingekuwa wangekuwepo wote. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ni neno tu, na anayelivunja haombwi tena, wala hakuna atakayemshikia yeye siku yake ikifika.

"Nenda kwa mkeo," Arlene akasema. "Nimekushikia."

Alikata simu, akavaa soksi ya pili. Hapo ndipo alipomkumbuka Bibi Doris.

Kura yenyewe ilihusu vita. Rais alikuwa ameanza kuishambulia kwa ndege na meli nchi moja ya ng'ambo bila kuliuliza Bunge. Katiba inasema vita hutangazwa na Bunge. Na sheria nyingine inasema rais akishatuma askari, siku sitini zikipita bila ruhusa awarudishe. Siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Mawakili wa rais walisema hivi si vita, ni operesheni, na kwamba askari wakiwa juu na adui akiwa chini, asiyeweza kuwafikia, sheria haihesabu. Arlene alikuwa ameandika barua mpaka akachoka kusaini. Wenzake wengi, wa vyama vyote viwili, walifurahi kimoyomoyo kutoulizwa, maana asiyeulizwa halaumiwi. Sasa kulikuwa na azimio moja fupi: rais aache, au aje aombe ruhusa. Kila mtu alijua kwamba hata likipita, rais anaweza kulikataa. Lakini angalau angekuwa ameambiwa.

Bibi Doris Haugland alimfundisha Arlene shule ya Jumapili alipokuwa mtoto. Mjukuu wake Nels, aliyemlea mwenyewe, yuko kwenye mojawapo ya meli zile. Dirishani kwake imetundikwa bendera ndogo yenye nyota ya bluu, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye mtu jeshini. Akifa, nyota hugeuzwa ya dhahabu. Mwezi uliopita Arlene alikwenda kumwona, wakanywa kahawa, na bibi hakulia wala hakulaumu. Alisema tu, "Sikuombi unirudishie Nels. Alikwenda kwa hiari yake, ameapa. Naomba kabla ya kumtuma pahali pa kufa, watu wote mia wa Seneti waulizwe, wafungue midomo wajibu, tuwajue. Basi." Arlene akaweka kiganja chake mezani, juu ya kitambaa cha maua, akasema, "Kura yangu unayo, Bibi. Nitasimama niiseme kwa sauti."

Alipokuwa akivaa koti alijiambia haina neno. Asubuhi ile azimio lilikuwa linaonekana litaanguka kwa kura kadhaa. Kura yake isingebadili kitu, na bibi angeelewa.

Kosa lake lilikuwa hapo. Alitoa neno bila kungoja hesabu.

Kabla ya mchana maseneta waliitwa kwenye chumba cha siri chini ya jengo, wakaacha simu zao kwenye vijisanduku mlangoni, wakakaa kumsikiliza wakili wa rais, kijana nadhifu mwenye tai nyembamba. Mzee mmoja wa chama cha rais, mtaratibu, asiyejulikana kwa ugomvi, aliuliza kitu kidogo: je, rais akitaka kutuma askari wa nchi kavu kesho, atatuuliza? Wakili akajibu kwamba rais angewaarifu kama hatua ya hisani.

"Hisani," mzee akarudia. "Mwanangu, wewe unajua hapa ni wapi?"

Wakili akatabasamu, akasema analiheshimu sana Bunge. Mzee akachukua fimbo yake akatoka, na wengine wawili wa chama chake wakamfuata. Walipofika kwenye lifti walikuwa wameshabadili kura zao.

Arlene alikuwa mezani na bakuli la supu ya maharage, ile inayopikwa kwenye mgahawa wa Seneti kila siku iendayo kwa Mungu, msaidizi wake Judith alipokuja kukaa mbele yake bila kuvua koti. Akamwambia hesabu ilivyo. Wendell akiwa hayupo, na Arlene akipiga, azimio linapita kwa kura moja. Arlene akinyamaza, kura zinalingana, linaanguka.

Mama wa mgahawani, aliyemjua Arlene tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alipita akaiona supu haijaguswa. Aliichukua akaleta nyingine ya moto.

Kiongozi wa chama chake akaja, akainama sikioni. Alimwambia kwamba watu hawakumbuki mambo haya ya kushikiana, ni ya wazee, na kwamba Wendell mwenyewe atakuwa na makubwa zaidi ya kufikiria leo. Arlene akasema ndiyo, hilo ni kweli, atakuwa nayo. Kiongozi akadhani amekubali, akaenda zake.

Judith, ambaye kaka yake alirudi kutoka vita vya nyuma na mguu mmoja, hakuinama sikioni. Alimtazama usoni. "Mama, wewe miaka yote hii unalilia siku moja kama hii. Imekuja. Utaiacha ipite kwa ajili ya adabu?"

Arlene akasukuma bakuli pembeni. Alitoka akaenda kusimama koridoni kwenye dirisha, pale sakafu ya mawe inapotoa baridi hadi magotini, akachukua simu. Alitaka kumwomba Wendell amwachilie. Maneno alikuwa ameyapanga, mafupi, ya heshima.

Wendell akapokea kabla haijalia vizuri. Nyuma yake ilisikika mashine ikipumua, na mwanamke akiimba chini chini, labda dada au jirani.

"Nimeona kwenye televisheni," alisema, kabla Arlene hajafungua kinywa. "Najua umebanwa pabaya. Sikujua itafika hapa, naapa. Ukiniambia nirudi, nitarudi. Kuna ndege, nimeuliza. Nitapiga ya kwangu hapana, wewe ya kwako ndiyo, na usiku nitakuwa huku tena."

"Maylene je?"

"Amenijua nilipofika. Sasa hivi ameshika kidole changu. Hakiachii."

Arlene aliegemea dirisha. Chini, askari wa lango alikuwa anamshikia mwavuli mwanamke mwenye mtoto, naye mwenyewe akilowa. Alilifikiria jambo lote polepole, kama mtu anayekunja shuka peke yake. Wendell akirudi, kura zinalingana, azimio linaanguka. Asiporudi, naye Arlene akinyamaza, linaanguka vilevile. Njia moja tu ya kupita ilikuwepo: lipite kwa kuwa Maylene anakufa leo na si kesho kutwa. Miezi yote hiyo alikuwa akisimama pale ndani na kusema kwamba mtu mwenye nguvu asichukue alichopewa kwa masharti kwa sababu tu hakuna wa kumzuia. Sasa hapakuwa na wa kumzuia yeye.

"Kaa hapo hapo, Wendell," akasema. "Usikitoe kidole chako."

Alasiri karani alianza kuita majina. Alipofika herufi yake, Arlene akasimama. Juu ya dawati hapakuwa na peremende. Aliyaona macho ya Judith ukutani, pale wasaidizi wanapokaa, kisha hakuyatazama tena.

"Mheshimiwa Rais wa kikao," alisema, "katika kura hii nimemshikia seneta wa Arkansas. Angekuwapo, angesema hapana. Mimi ningekuwa huru, ningesema ndiyo. Kwa hiyo naizuia kura yangu."

Akakaa. Azimio likaanguka. Mtu mmoja nyuma yake alisonya, na magazeti ya kesho yake yalikuwa na maneno makali zaidi ya msonyo.

Jumamosi alipanda ndege mbili, kisha akaendesha gari mwenyewe katikati ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Angeweza kupiga simu. Alijua hivyo njia nzima.

Bibi Doris alifungua mlango, akamwangalia, akarudi jikoni bila kusema karibu. Ila aliuacha mlango wazi. Nyota dirishani ilikuwa bado ya bluu. Arlene akaingia, akakaa pale pale alipokaa mwezi uliopita, mbele ya kitambaa kile cha maua. Alimweleza yote tangu birika la alfajiri, bila kujipunguzia. Bibi alisikiliza akiwa amempa mgongo, anageuza chapati nyembamba za viazi kwenye chuma.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "wa simu ya alfajiri ametimiziwa. Mimi wa mchana kweupe, mezani kwangu, nikabaki na kahawa."

"Ndiyo, Bibi."

"Nels ameandika. Wanasogezwa karibu na ufuko. Hajasema kwa nini, hata yeye hajaambiwa."

Arlene akasema azimio litaletwa tena, safari hii atangoja hesabu, wala hatamshikia mtu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka yamechakaa. Bibi akaipua chapati ya mwisho. Alileta sahani, siagi na sukari, akakaa kwa taabu, akitanguliza goti moja kabla ya jingine.

Wakala. Upepo ulikuwa unasukuma mlango wa wavu.

"Yule mama," Bibi Doris akauliza. "Wa Arkansas."

"Amefariki usiku ule. Wendell alikuwepo. Aliniambia mkewe hakukiachia kidole mpaka mwisho."

Bibi akatikisa kichwa kwa muda. Yeye mwenyewe alimzika mumewe bila kuwahi kumkuta hai, miaka ile alipokuwa akifanya kazi mji mwingine. Watu wa pale wote wanajua, na hakuna anayelitaja. Akainuka, akafunga chapati kwa kitambaa safi, akazisukuma mbele ya Arlene.

"Nusu zako, nusu mpelekee. Mwanamume aliyefiwa hali chakula, hukaa tu anatazama friji. Usimwambie ni za nani, asije akadhani nimekubaliana na kura yake."

Arlene akazichukua. Mlangoni bibi alimfunga vifungo vya koti kama zamani, kile cha juu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nina hasira na wewe, Arlene. Bado ninayo, na itakaa. Ila uje tena kabla theluji haijafunga barabara. Usisubiri mpaka uwe na habari njema. Njoo tu."