Bunduki Aliyoinyoosha Garth Lindqvist

Garth Lindqvist alikuwa na majina mawili ya kumwita mume wa dada yake. Mbele ya watu alimwita shemeji. Akiwa peke yake bandani alimwita Meno, kwa sababu Preston Haycock alikuwa daktari wa kunyoosha meno ya watoto kule Bozeman, na shughuli hiyo Garth hakuihesabu kuwa kazi.

"Mtu mzima na ndevu zake," alikuwa akisema, "anashinda na vidole vinywani mwa watoto wa watu, halafu anapanda gari kuja kunifundisha mimi habari za chuma."

Chuma Garth alikijua. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mbao nje ya mji wa Dillon, Montana, na kiwanda kilipofungwa alinunua mashine yao kuukuu ya kukereza, akaiweka bandani nyuma ya nyumba. Mashine ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Alikuwa akiipangusa kila Jumapili, saa ambayo majirani zake walikuwa kanisani, na hakuona tofauti kubwa.

Kwa mashine hiyo aliinyoosha bunduki yake. Ilikuwa bunduki ya komeo, ile ya kupakia kwa kuvuta na kusukuma chuma kwa mkono, ya kawaida kabisa, aliyoinunua mwaka 1984 kwenye duka linalouza misumari na mbegu za majani. Bunduki za namna hiyo hutoka kiwandani kwa maelfu, na hakuna anayekaa kuzipima moja moja. Garth alipoifungua aliikuta imekwenda upande kila mahali. Bodi yake, yaani kile kipande cha chuma cha katikati ambamo komeo huenda na kurudi na mtutu hufungwa mbele yake, haikuwa na uso ulionyooka. Nyuzi za skrubu za kukazia mtutu zilikaa mshazari. Komeo lilikuwa na meno mawili ya kubana risasi isirudi nyuma, na jino moja ndilo lililofanya kazi, la pili lilikaa tu likingoja pensheni.

Alifanya kazi majira mawili ya baridi. Aliikereza bodi mpaka uso ukanyooka, akazikata nyuzi upya, akayasugua meno ya komeo kwa dawa ya kusagia mpaka yote mawili yakagusa sawasawa. Akafunga mtutu mpya mzito. Akamwaga gundi ya chuma ndani ya kitako ili bodi ikae pasipo kucheza. Mwisho akaifungua triga, yaani kifyatulio cha kidole, akaunoa kwa jiwe ule ulimi mdogo unaozuia sindano isipige risasi, akaunoa tena, mpaka triga ikawa nyepesi kiasi kwamba ukiiwazia tu inafyatuka. Huo ulimi ndio aliojivunia kuliko vyote. Katika mita mia tatu matundu ya risasi zake tano yalifunikwa na kifuniko cha chupa ya maziwa.

Ndipo Meno naye akanunua yake.

Alifika na mkewe mwezi wa Oktoba, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wenye pembe kama matawi. Kabla hata ya kusalimia sawasawa, akafungua kasha gumu lililotandikwa sponji na kutoa bunduki ambayo bodi yake haikutoka kiwanda cha bunduki cha kawaida, bali karakana ndogo inayotengeneza bodi tupu kwa kuagizwa.

"Ishike, shemeji. Usiogope, haiumi."

"Nimeshaiona."

"Bodi imekatwa na mashine ya kompyuta. Imenyooka tangu kuzaliwa. Mtutu unakuja umeshakatwa, unaufunga, unakaza, unakwenda zako kuwinda. Na triga ni ya kununua, imefungwa kwenye kasha lake, hakuna kunoa kitu."

"Kwa hiyo umenunua ufundi dukani. Kama soksi."

Preston akacheka. Alikuwa na kicheko cha watu wa zahanati, cha kutuliza watoto. "Sikiliza hesabu, lakini. Ungepeleka ile yako kwa fundi akufanyie yote uliyoyafanya, angekutoza zaidi ya bei ya bodi hii. Na mwishowe bado ni bodi ya kiwandani. Ukiiuza, hakuna atakayekulipa ule ufundi."

"Nani anauza? Na fundi gani? Fundi ni mimi."

"Na saa zako za kazi je?"

"Saa zangu ninazo tele. Za kuuza ni zako, bwana daktari."

"Haya," Preston akasema, akifunga kasha. "Ila na wewe pia unanyoosha meno siku hizi. Arlene kaniambia. Mawili tu, lakini."

Arlene, dada yake Garth, akacheka mpaka akashika ukingo wa pikapu. Garth hakucheka. Aliingia bandani akajifanya anatafuta kamba.

Walipanda milima ya Pioneer wao wawili, na Opal akibeba hema, jiko na chakula. Opal alikuwa nyumbu jike, mtoto wa punda na farasi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili na tabia mbaya kwa kila mtu isipokuwa Garth. Preston alimkanyaga ukwato siku ya kwanza, akamuomba radhi kama anavyoombwa mgonjwa. Garth alitazama pembeni kwa kuona haya kwa niaba yake.

Siku mbili hawakuona kitu. Walikula pai za nyama za mji wa Butte zilizogandishwa, wakabishana. Preston aliisafisha bunduki yake jioni kwa vitambaa vilivyokatwa sawasawa, na Garth akamwuliza kama huwa anaiimbia pia. Preston akajibu kwamba bodi nzuri inastahili. Hivyo ndivyo alivyokuwa: ukimpiga teke la maneno, anakushukuru, na Garth hakuna kitu alichokidharau kama mtu asiyejua ametukanwa.

Asubuhi ya tatu theluji ilikuwa imefika magotini, na baridi ilikausha pua. Walikuwa wakishuka mteremko, Preston mbele akimvuta Opal, Garth nyuma, pale elki kumi na wawili walipotokea ng'ambo ya bonde na kusimama.

"Mwondoe huyo nyumbu," Garth akanong'ona. "Mpeleke nyuma ya miti."

Akapiga goti nyuma ya gogo. Mtutu ulikuwa mtupu, risasi ziko kwenye kasha lake la chini, kama inavyotakiwa mtu akitembea na mwenzake. Akasukuma komeo mbele lipakie risasi, macho yake yako kwa dume la mwisho kulia, pembe zake zikivuka mstari wa theluji. Preston alikuwa akivuta kamba, na Opal, kwa sababu aliyekuwa akivuta ni Preston, aligoma. Wakazunguka pale pale. Mtutu ulikuwa umewaelekea. Garth aliliona hilo kwa pembe ya jicho na kusema moyoni kwamba hajaweka kidole kwenye triga, sekunde moja tu, watapita.

Akashusha mkono wa komeo.

Bunduki ikalia. Kidole chake kilikuwa nje kabisa, kimekunjwa ndani ya glavu.

Opal alianguka kwa magoti ya mbele kwanza, kama anayetaka kulala. Preston alibaki amesimama hatua moja pembeni yake, bado ameshika kamba, miwani yake imejaa damu. Alivua miwani, akaitazama, akajipapasa kifua na tumbo. Ng'ambo ya bonde elki walikuwa wameshatoweka.

"Si yangu," akasema. "Garth, hii damu si yangu."

Garth aliteleza mpaka walipokuwa. Risasi ilikuwa imeingia chini ya shingo na kutokea begani. Opal alikuwa hai. Alikuwa akijaribu kuinua kichwa na kumtafuta, na kila akipumua theluji chini ya pua yake ilibadilika rangi.

Akavuta komeo, ganda tupu likaruka, akazitoa risasi zilizobaki, akasukuma mbele. Akashusha mkono wa komeo polepole, mtutu umeelekea ardhini, na akahisi sindano ikishuka nao. Hakuna kilichoizuia. Akarudia. Ikashuka tena. Ule ulimi aliounoa ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na kitu tena cha kushika.

"Nipe yako," akasema.

"Nitafanya mimi. Wewe kaa naye."

"Nimesema nipe."

Preston akampa. Garth akavuta komeo lile na likaja kama limepakwa siagi, bila kukwaruza, bila kutetereka, likarudi mbele na kujifunga kwa mlio mdogo kama wa kufuli la benki. Aliichukia raha hiyo mkononi mwake. Aliweka mtutu panapotakiwa, kati ya macho na masikio, akasema jina la Opal mara moja kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akimwitia ngano. Triga ilisubiri mpaka alipoitaka. Halafu ikafyatuka.

Walifungua mizigo. Hema na jiko wakaviacha chini ya mti, vingine wakavigawana mgongoni. Palikuwa na maili sita mpaka kwenye gari, na theluji haikupungua. Garth alingoja kutukanwa. Alikuwa ameshapanga majibu matatu. Maili mbili zikapita, Preston anapumua tu nyuma yake.

"Sema basi," Garth akasema. "Unaugua kwa kutaka kusema."

"Nilijua," Preston akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hiyo triga si salama. Mwaka jana niliisogeza bunduki yako hemani, nifike kwenye jiko. Haikuwa na risasi. Nikafunga komeo, ikajifyatua. Nikajaribu tena. Mara tatu katika kumi ilijifyatua yenyewe."

Garth akasimama. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba triga inajifyatua! Una mdomo au huna?"

"Ungeniambia nirudi kwenye vinywa vya watoto." Preston naye alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa sauti yake haikuwa ya zahanati. "Na mwaka huu ungeniambia nimeizoea yangu ya soksi. Ungesimulia mkahawani wiki nzima. Kila nikifungua mdomo hapa nakuwa kichekesho, Garth, kwa hiyo nikafunga. Nikasema yeye ndiye fundi."

"Ukakubali kutembea mbele yangu."

"Ndiyo."

"Wewe ni mpumbavu, unajua? Mtu anayeona afadhali apigwe risasi kuliko achekwe."

"Labda," Preston akasema. "Lakini ungenicheka?"

Garth alitaka kusema hapana. Aliangalia damu iliyoganda kwenye kola ya koti la shemeji yake.

"Ningekucheka," akasema.

Wakaendelea kushuka mpaka garini.

Juma lililofuata aliipeleka bunduki kwa Ione Barstad, fundi bunduki pale Dillon, mwanamke ambaye Garth alikuwa akimwita muunga vipuri kwa sababu alijenga bunduki nyingi juu ya bodi za kuagiza. Ione alikuwa na habari kwamba anaitwa hivyo. Aliifungua bunduki mezani, akaweka geji zake za kupimia, akapima kila kipande.

"Bodi umeifanya vizuri," akasema. "Nyuzi nzuri. Meno yote mawili yanabeba. Mimi nisingeifanya, ningemwambia mteja anunue bodi iliyonyooka na asinipotezee siku. Lakini ni kazi nzuri." Akainua triga kwa kibano, kama mtu anayeondoa mende kwenye sukari. "Na hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliinoa kwa kitu gani, kwa jiwe la visu?"

Garth akaitazama triga kwenye kibano.

"Chuma hiki kina ngozi ngumu nyembamba juu. Ukiila, chini yake ni laini kama jibini. Kila ukifyatua kinajisaga chenyewe. Mtoto wa mwaka wa kwanza karakanani anajua hilo. Miaka thelathini kiwandani na hujui ngozi ya chuma?"

"Thelathini na mmoja," Garth akasema.

"Hongera." Akaitupa triga kwenye debe la vyuma chakavu. "Utanunua nyingine iliyo kamili, na nitaifunga mimi. La sivyo beba mzigo wako uondoke."

Alinunua. Alisimama kaunta akilipia kipande cha dukani, na vijana wawili waliokuwa wakingoja zamu wakamtazama, kwa maana habari za Opal zilikuwa zimeshashuka mlimani kabla yake.

Kilichobaki ni Arlene. Preston alikuwa amemwambia mkewe kwamba nyumbu alivunjika mguu, na Garth alipojua, alimdharau kwa uongo huo, kisha akajidharau kwa siku nne alizouacha ukae. Siku ya tano akapiga simu. Akaeleza yote, kuanzia jiwe la kunolea.

Arlene akauliza swali moja. "Alikuwa umbali gani na Opal?"

"Hatua moja."

Akakata simu. Mwaka huo, sikukuu ya Shukrani ya Novemba, siku ambayo jamaa hula pamoja, Garth alikula kuku wa kopo peke yake, na uliofuata vilevile. Arlene hakurudi tena uani kwake hata kuchukua kiti chake alichokuwa amekiacha pale.

Preston alirudi. Oktoba iliyofuata alisimamisha gari langoni, akateremka na kasha lake gumu, na kabla ya kitu kingine akanyoosha mkono.

"Lete yako," akasema. "Nifunge komeo mara kumi."

Garth alikuwa na la kusema kuhusu mikono laini ya madaktari, na lilikuwa zuri. Akampa bunduki. Akasimama kando ya pikapu, mikono mifukoni, akamsikiliza Preston akihesabu kwa sauti mpaka kumi.