Tezi Iliyokataa Kuhama

Mdogo wangu alikuwa akinitania, "Dada, meza kwanza ndio uongee." Sikuwa na kitu mdomoni. Sauti ndiyo ilikuwa imeziba, na nikilala chali nilikoroma mpaka akahamishia godoro lake sebuleni. Kwenye kazi yangu ya cherehani wateja walitaka nirudie kila neno, mwisho nikawa nawajibu kwa kichwa tu.

Siku niliyotema damu, mama alinishika mkono hadi hospitali. Daktari wa koo akapitisha kamera nyembamba puani, na kwenye skrini nikaliona mwenyewe: donge jekundu, limejikalia nyuma kabisa ya ulimi.

"Nafikiri ni tezi," akasema.

Mama akainuka kitini. Kwetu ukisikia tezi, ni ugonjwa. "Ikatwe, daktari. Leo leo!"

Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulala, nilitaka kuongea.

"Mama, kaa kwanza. Hata wewe una tezi."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa. Iko hapo shingoni, ndiyo inayoupa mwili nguvu. Kabla sijashika kisu, nijue ya binti yako iko wapi."

Kwenye ultrasaundi, dada mmoja wa hospitali alinipaka mafuta baridi shingoni, akapitisha kifaa huku na huku, taratibu. Shingoni hapakuwa na tezi. Wakanichoma dawa inayoifuata tezi popote ilipo; kwenye picha paling'aa mahali pamoja tu, kwenye shina la ulimi.

Daktari akatueleza kwamba mtoto akiwa tumboni, tezi huanzia pale, kisha hushuka shingoni. Yangu ilikataa kuhama. Na ndiyo hiyo hiyo, sina nyingine. Kipimo cha damu kilionyesha inafanya kazi kwa kujikongoja, ndiyo maana imevimba.

"Na mimi nilisema leo leo," mama akanong'ona, mkono wake gotini kwangu.

Nikapewa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, maisha yangu yote, ili tezi ipumzike na donge lisinyae. Ikikataa na hivyo, ndipo tuongee habari za kisu.

Halikusinyaa upesi. Lakini godoro la mdogo wangu limesharudi chumbani, na kila asubuhi mama huniulizia tezi yangu, "Mwenye nyumba umeshampa dawa yake?" Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari aliyemwambia mama akae kwanza.

Juzi mteja aliulizia gauni lake mara moja, nikamjibu mara moja, akaenda zake. Nikabaki na mkasi mkononi, nacheka peke yangu.